Mwenye Lake na Achukue Makubadhi Yake

Katika mji wa Kahramani, uliokaa chini ya mlima mweusi, mbali na bahari hata wenyeji wake walimjua samaki kwa kusimuliwa, alitawala Sultani Ghazanfari bin Nasibu, naye alikuwa mtu wa haki na wa maneno machache, mwenye ndevu zilizokwisha kuingia mvi na sikio lisilopenda sifa za bure. Alikuwa mjane wa miaka saba, na mawaziri walimletea mabinti wa kila namna, wenye uzuri na wenye nasaba na wenye vyote viwili, naye aliwashukuru wote na kuwarudisha kwa wazee wao pamoja na zawadi, akisema, "Wazuri ni wazuri, lakini hakuna aliyenishangaza." Mawaziri wakachoka, na jambo hilo likaachwa.

Mji ule haukuwa na mto, wala mvua haikuujali. Maji yake yote yalitoka katika chemchemi moja ya mlimani, na chemchemi hiyo haikuwa ya kawaida, kwani babu yake Sultani alimfunga jini mkubwa, Barkushi bin Samumu, ayavute maji kutoka matumboni mwa ardhi bila kupumzika. Alimfunga kwa kamba ya nyuzi elfu moja, na kamba hiyo haikusokotwa kwa katani wala kwa chuma bali kwa ahadi: kwamba jini atalitumikia Baraza la Maji, watu saba waliowekwa kuyagawa maji kwa wote, maadamu hakuna mjumbe atakayeamua jambo ambalo ndani yake ana lake. Mwenye lake alitakiwa kusema mbele ya wenzake, "Nina langu," kisha achukue makubadhi yake mlangoni, ayavae, na akae nje mpaka shauri liishe. Ndiyo sababu wajumbe walivua viatu wakiingia. Asiye na viatu alikuwa mtu wa mji mzima, na mwenye viatu alikuwa mtu wa nyumba yake.

Lakini miaka ilipita, na babu akafa, na waliojua wakafa, na ahadi ile ikabaki midomoni tu. Kila Jumanne asubuhi mkuu wa baraza aliuliza, "Mna lenu?" na wajumbe wakajibu kwa sauti moja, "Hatuna letu!" huku mikono imekwisha kufika kwenye sinia la kashata. Maneno yale yalisagika kwa kutajwatajwa hata yakawa neno moja, hatunaletu, na mjumbe mmoja, Hakimu Tibyani, tabibu mzee mwenye moyo mweupe, aliamini kuwa ni dua, na kila alipolitamka alijipangusa uso kwa viganja. Watoto mitaani walilitumia kuanzia mchezo wa kibe. Msinicheke mimi, wachekeni wao.

Katika mji huo, mtaa wa Udongoni, alikuwako mfinyanzi mjane aitwaye Bi Zumra binti Hamdani. Mwanamke huyu siku moja alivunja mitungi yake thelathini katikati ya soko, mmoja baada ya mmoja, kwa kuwa aligundua ina ufa wa ndani ambao mnunuzi asingeuona mpaka afike nyumbani, na waliomwona walidhani amerukwa na akili. Sultani alipoamuru kila kundi la mafundi lipeleke mtu wake barazani kwa muhula wa miaka mitatu, wafinyanzi hawakuhitaji kujadiliana. Walisema Bi Zumra, wakarudi kazini.

Wakati ule maji yalikuwa yamepungua. Mwaka hata mwaka chemchemi ilishuka, na wanajimu walisema ni nyota, na wazee walisema ni vijana, na vijana walisema ni wazee. Udongoni ndiko kulikoumia zaidi, maana mfereji ulikuwa umekauka miaka mitatu, na wanawake walipanda mlima alfajiri na kushuka jua la utosi na ndoo nusu, na watoto walikuwa na midomo iliyopasuka. Bi Zumra mwenyewe alikuwa akikanda udongo kwa maji aliyokwisha kuoshea vyombo.

Siku yake ya kwanza alifika barazani mapema, akavua makubadhi yake yaliyopigwa viraka. Mlangoni palikuwa na mzee mtunza viatu, mfupi, mwenye kofia iliyofifia, ambaye hakuna mjumbe aliyewahi kumuuliza jina, wakamwita Mzee Kizingiti kwa kuwa hapo ndipo alipokaa.

"Shikamoo, babu," alisema Bi Zumra.

Mzee alishtuka, maana salamu hiyo hakuizoea. "Marahaba, binti. Una lako?"

"Langu lipi?"

Yule mzee akaweka makubadhi chini, akamtazama sana. "Miaka sitini nauliza swali hili," alisema, "na wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza lipi." Kisha akamweleza desturi yote tangu mwanzo, nani hutoka, kwa nini hutoka na viatu, na neno lenyewe lina maana gani likikatwa pale linapopaswa kukatwa. Bi Zumra akasikiliza vizuri, na maneno hayo yakamkaa rohoni.

Haukupita mwezi, mkuu wa baraza, Mwinyi Dahiri, mtu mrefu mwenye kilemba cha hariri na sauti ya asali, akatangaza kwamba Jumanne itakayofuata baraza litaamua jambo kubwa. Maji yaliyobaki yangetosha mfereji mmoja tu mpya, wa mabomba ya udongo. Ama uende Udongoni, ama uende nje ya lango la mashariki, ambako yeye alipendekeza ipandwe bustani ya mawaridi kwa heshima ya Sultani. Hakusema kwamba ardhi ya lango la mashariki ilikuwa imenunuliwa kimyakimya kwa jina la shemeji yake, na kwamba shemeji huyo hakuwa na hata jembe.

Jioni ile mtaa mzima ulimiminika uani kwa Bi Zumra. Shoga yake, Bi Kiringo, mwanamke asiye na breki mdomoni, alikaa juu ya kinu na kuhesabu kura kwa vidole.

"Mwinyi Dahiri, na Bwana Ramli muuza marashi, na yule mshonaji kofia, hao watatu wa mawaridi. Hakimu Tibyani na mwalimu wa chuo na mhunzi, hao watatu wetu. Wewe wa saba, shoga. Wewe ndiwe maji yetu! Nenda kaseme neno lako, urudi tupige vigelegele."

Wote wakacheka, na Bi Zumra akacheka nao, lakini chakula chake aliwapa watoto. Maana katika mji wote wa Kahramani tanuri lililoweza kuchoma mabomba ya maji lilikuwa moja, na lilikuwa lake. Mfereji ukienda Udongoni, mabomba angeyafinyanga nani? Alijua kwamba mtaa unastahili maji hata kama yeye asingekuwa hai. Alijua pia kwamba ana lake, tena kubwa. Akitoka, kura zingelingana, na zikilingana kura ya mkuu huhesabiwa mbili, na watoto wa Udongoni wangeendelea kulamba midomo yao.

Jumanne ilifika. Wajumbe wakaketi juu ya zulia, na kahawa ikamiminwa, na Mwinyi Dahiri akauliza kwa haraka, "Mna lenu?"

"Hatunaletu!" wakaitika wenzake, na Hakimu Tibyani akajipangusa uso.

"Mimi ninalo," alisema Bi Zumra.

Vikombe vikasimama hewani. Mwinyi Dahiri akainua nyusi. "Unalo nini, Bi Zumra? Kikohozi?"

"Nina langu, Mwinyi. Mfereji ukija Udongoni, mabomba yatatoka katika tanuri langu, maana halipo jingine. Siwezi kukaa hapa kama mtu wa mji mzima nikaamua jambo litakalonijaza mimi."

Loo! Mwinyi Dahiri alifurahi hata akasahau kuficha. "Umenena maneno ya uungwana," alisema, "na sisi hatutakuzuia. Mpisheni Bi Zumra."

Hakimu Tibyani akamshika ukingo wa buibui, machozi yakimlenga. "Mwanangu, usitoke. Ukitoka tumekwisha. Sisi sote tunaijua nia yako, nia yako safi."

"Nia yangu safi, Hakimu," alisema Bi Zumra, "lakini mikono yangu ina udongo." Akamwonyesha viganja, na kweli udongo ulikuwa umejaa chini ya kucha. Kisha akainuka, akapita katikati yao, akafika mlangoni, akavaa makubadhi yake ya viraka na kuketi kwenye baraza ya nje. Hapo akafunika uso kwa mtandio na kulia kwa kwikwi, maana alimwona moyoni Bi Kiringo na ndoo yake nusu, na hakujua atamwambia nini.

Alipokuwa akilia alihisi kivuli kimemwangukia. Akainua uso, na macho yakamtoka pima, kwani Mzee Kizingiti alikuwa amesimama, na kusimama kwake hakukuisha. Alirefuka hata kofia yake ikapita dari, na ndevu zake zikawa za kijani kibichi, na ngozi yake ikawa na rangi ya makaa yanayowaka, na sauti yake ilipotoka vitasa vya milango vililia.

"Usiogope, ewe binti Hamdani. Mimi ndimi Barkushi bin Samumu, niliyefungwa kwa nyuzi elfu. Watu wamenitafuta mlimani, na mimi niliwekwa hapa kizingitini nitunze viatu vyao. Kila mjumbe alipodanganya kwamba hana lake, uzi mmoja ulikatika, na kila uzi ulipokatika nguvu zangu za kuvuta maji zilipungua. Walilaumu nyota! Leo asubuhi, wenzako walipokwisha kuitika, ulibaki uzi mmoja. Ungeitika pamoja nao, na huo ungekatika, nami ningeondoka kabla ya adhuhuri pamoja na tone la mwisho, na nisikufiche, nilikwisha kufunga virago. Kisha wewe ukasema, na nyuzi zikaanza kujisokota upya mwilini mwangu. Wallahi nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja, hata sijui nianze na lipi."

"Anza na maji, babu," alisema Bi Zumra, akifuta machozi.

Jini akacheka, na mlimani chemchemi ikasikika ikikohoa. Akainama, akaingiza kichwa barazani, na wajumbe wakaangukiana kama magunia. "Enyi mliowekwa kugawa maji," akanguruma, "nawauliza neno lile mnaloliuliza kila Jumanne. Mna lenu?"

Mazoea ni mabaya, na ulimi wa Mwinyi Dahiri ukatangulia akili. "Hatuna letu!" akapiga kelele.

Hapo ndipo maajabu yalipotokea, na walioyaona waliyasimulia mpaka kufa kwao. Makubadhi ya Mwinyi Dahiri, yaliyodariziwa kwa nyuzi za dhahabu, yakajiinua pale mlangoni, yakavuka kizingiti, na yakaja yakitembea juu ya zulia, tapa, tapa, tapa, bila miguu ndani yake, mpaka yakasimama mbele ya mwenyewe, ncha zikielekea nje. Mwinyi Dahiri akayasukuma kwa bakora. Yakarudi. Akayakalia. Yakamtoka chini na kumpanda mapajani.

"Ardhi ya lango la mashariki ni ya nani?" akauliza jini.

"Ya shemeji yangu," akajibu Mwinyi Dahiri kwa sauti ndogo, "kwa jina tu."

Nyuma yake yakaja makubadhi ya Bwana Ramli muuza marashi, yakinukia udi, naye akakiri kabla hajaulizwa kwamba aliahidiwa mawaridi yote ya bustani ile. Baraza likadhani yamekwisha. Lakini tapa, tapa, tapa, vikaja viatu vya zamani vilivyolika visigino, vikasimama mbele ya Hakimu Tibyani.

Mzee akavitazama, akashika kichwa. "Mimi tena? Mimi sina... Subhanallah! Mpwa wangu amejenga Udongoni mwaka jana, nyuma ya msikiti. Nilimpeleka mbuzi wa kuhamia, na sikukumbuka kabisa!" Akacheka hata akakohoa, akavivaa viatu vyake mwenyewe, akamwinamia jini na kusema, "Ahsante kwa kunikumbusha, bwana. Na hiyo kumbe si dua." Akatoka kwa furaha na kuketi karibu na Bi Zumra, wakati Mwinyi Dahiri na Bwana Ramli walitoka wakiburutwa na viatu vyao, na vya Mwinyi Dahiri havikumwachilia mpaka vilipomfikisha mbele ya Sultani, ambako alikiri habari ya ardhi ile, akavuliwa ukuu na ujumbe siku hiyohiyo.

Wakabaki watatu, mwalimu wa chuo na mhunzi na mshonaji kofia, ambao viatu vyao vilikaa kimya. "Watatu wasio na lao wanatosha," alisema jini. "Lakini msiamue mkiwa mmekaa. Nendeni mkaone." Wakaenda kwa miguu lango la mashariki, wakakuta ua mrefu na kibao kizuri. Kisha wakaenda Udongoni, na huko mshonaji kofia, ambaye alikuwa ameyapendelea mawaridi kwa kuyapenda tu, alimwona mtoto wa miaka minne akilamba ubavu wa mtungi wenye jasho la maji. Waliporudi ndiye aliyetangulia kunena, akasema, "Udongoni," na wenzake wakaitikia.

Na kwa kuwa walikuwa wameanza kuonja utamu wa kufanya mambo sawasawa, waliamua pia kwamba mafundi wa miji jirani waalikwe kuleta mabomba yao bila majina, yajazwe maji, na lisilovuja lichukuliwe. Bi Zumra alipoulizwa kwa nini hakuleta lake, alijibu kwamba angelitambua hata likifunikwa, na wajumbe wenzake wangemsoma usoni. Mabomba yakanunuliwa kwa mfinyanzi wa mji wa pili, mfereji ukachimbwa kwa miezi kadhaa, na hata maji yalipofika Bi Kiringo akamnunia siku tatu nzima.

"Umetukosesha kazi, wewe mwanamke!" alimwambia siku ya nne, akiwa amejitwika ndoo iliyojaa mpaka ukingoni.

"Na maji je?"

Bi Kiringo akaitua ndoo, akanawa uso taratibu, akanawa tena ingawa haukuwa mchafu, na akaanza kulia. Siku hiyo vigelegele vilisikika mpaka kasrini.

Sultani Ghazanfari akauliza ni arusi ya nani, naye akasimuliwa habari yote, na aliposikia kwamba mwanamke alitoka nje akijua kwamba kutoka kwake kutaupotezea mtaa wake maji, aliinuka kitini. Kisha akasema, "Hili limenishangaza." Akatandikiwa farasi, akafika Udongoni, akasimama mbele ya tanuri, na mbele ya watu wote akanena:

"Ewe Bi Zumra binti Hamdani, mawaziri wamenitafutia mke miaka saba katika majumba ya marumaru, kumbe alikuwa hapa kwenye moshi. Nakuomba uwe mke wangu na malkia wa Kahramani, na uchague mahari yoyote utakayo, nami sitaipunguza."

Bi Zumra akaona haya, na nisidanganye, moyo wake ulimruka, maana Sultani alikuwa mtu wa kupendeza na yeye alikuwa mpweke. Akatazama chini, akatazama juu, akasema, "Maulana wangu, nina langu."

Mawaziri wakashika midomo.

"Mimi ni mjumbe wa baraza," akaendelea, "na baraza huamua pia maji ya kasri lako, na wewe ndiwe uwezaye kumweka na kumwondoa mjumbe. Nikiwa mkeo, kila neno nitakalosema pale litakuwa na pilau yako ndani. Ama uniondolee kiti leo, ama uningoje. Muhula wangu umebakiza miaka miwili na miezi minne, na wafinyanzi walinituma niumalize."

Kila mtu alingoja Sultani akasirike. Sultani akavua kilemba, akajikuna kichwa, akacheka kicheko ambacho hakikusikika kasrini tangu msiba wake. "Nitangoja," alisema.

Na alingoja. Miaka miwili na miezi minne hakumpelekea hata kikapu cha tende, kwa kuwa alimuuliza kwanza kama anaruhusiwa na akaambiwa la. Jini naye alitaka kumpa Bi Zumra pete ya yakuti inayogeuza udongo kuwa kauri, akaambiwa aiweke, maana jini ni mtumishi wa baraza na zawadi yake ina mkia. Ikawekwa. Chemchemi ikajaa, mitaa yote ikapata mfereji, na mitungi ya Udongoni, sasa ikikandwa kwa maji safi, ilitafutwa na misafara ya mbali.

Siku muhula ulipoisha Bi Zumra alichukua makubadhi yake mlangoni mara ya mwisho, na nje alimkuta Sultani amesimama juani na pete ya jini mkononi. Wakaoana, na karamu ikadumu siku arobaini, na Bi Kiringo akapewa kazi ya kupokea wageni, akawatukana mabalozi wawili, na wakapenda.

Haikupita wiki baada ya karamu, baraza likakutana mbele ya Sultani kuchagua wa kujaza kiti alichoacha Bi Zumra, na kati ya majina waliyoleta wafinyanzi lilikuwamo la binamu yake, fundi mzuri sana. Mwalimu wa chuo, ambaye sasa ndiye mkuu, akasafisha koo na kuuliza, akilikata neno pale linapopaswa kukatwa, "Mna lenu?"

Zulia likasikika likikwaruzwa, na Sultani Ghazanfari bin Nasibu, bwana wa Kahramani na milima yake, akainuka. "Nina langu," alisema, "na ni jipya, ndiyo maana nalikumbuka vizuri." Akatoka, na mzee mfupi wa kofia iliyofifia akamletea viatu vyake kwa mikono miwili, akampigia saluti, akamsogezea nafasi kwenye baraza ya nje. Wakakaa pale, jini na Sultani, wakingoja kama watu wengine.

Hiyo ndiyo habari ya makubadhi ya Kahramani, na funzo lake ni kwamba mtu wa haki huulizwa nia yake, naye hujibu kwa kuonyesha mikono. Ila kabla hamjaniamini, na mimi niseme ukweli. Bibi mzaa babu yangu alizaliwa Udongoni, na maji ya mfereji ule nimeyanywa. Nina langu. Basi nachukua viatu vyangu natoka, ninyi bakini mwamue.